Kovu Lililohama Goti

Juma lililopita tulimwacha Soumaya amepiga magoti mbele ya Moubarak, kidole kimesimama hewani, na ncha ya kidole hicho ni nyekundu.

Haikuwa damu. Damu hainukii waridi.

Kwa miezi tisa Soumaya, kine wa mtaa wa Buyenzi, ambaye kazi yake ni kuwachukua wanamichezo walioumia na kuwarudisha uwanjani wakiwa wazima, alikuwa amelishughulikia goti moja tu la Moubarak, mshambuliaji wa Radi FC. Goti la kushoto. Kovu la operesheni alilijua kuliko alivyoijua njia ya kwenda sokoni. Na leo kovu hilo lilikuwa kwenye goti la kulia, tena lilikuwa likifutika.

Akapitisha kidole mara ya pili. Kovu likakatika katikati. Akanusa.

Rangi ya mdomo.

Akainua macho. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa amejifunga kitambaa shavuni, eti jino linamsumbua, na kwa ajili ya jino hilo hakuwa amesema neno tangu aingie. Moubarak wa siku zote huanza kusimulia akiwa bado mlangoni, na hata akiaga huondoka na hadithi nusu mdomoni. Soumaya akajiuliza alikuwa wapi asione.

Kisha akaliona tumbo. Mtu yule alikuwa amelibana tangu saa tatu asubuhi, na sasa pumzi zilikuwa zimemwishia. Tumbo likashuka polepole, likatulia juu ya kaptula.

"We si Moubarak," Soumaya akasema.

"Apana, Docta," mtu akajibu kwa unyonge. "Mi ni Yahaya."

Pacha wake. Mtaa mzima uliwaita Bukuru na Butoyi, kama mapacha wote wa Burundi wanavyoitwa, na Soumaya alijua kwamba wako wawili. Ila Yahaya alikuwa fundi wa magari, na kila alipompita alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Uso wake hakuwahi kuutazama vizuri.

Udanganyifu ungeweza kusubiri. Kisichoweza kusubiri kilikuwa karatasi.

Robo saa tu iliyopita mtu huyu alikuwa ameruka kwa mguu mmoja, kulia na kushoto, mbele ya kochi Salvator. Soumaya ana sheria yake: mguu uliopona ukifikia sehemu tisa kwa kumi za mguu mzima, mchezaji anarudi uwanjani. Mtu huyu alifikia zote kumi. Kochi akashangilia, Soumaya akatia sahihi, kochi akaikunja karatasi na kupotea nayo. Alikuwa anakwenda Kiriri, nyumbani kwa rais wa klabu, ambako wageni walikuwa wakingoja kutangaziwa kwamba Jumapili Moubarak ataanza dhidi ya Sangala ya Ruziba.

Kwa maneno mengine, Soumaya alikuwa ameapa mbele ya dunia kwamba goti la Moubarak limepona, na ushahidi wake ulikuwa mguu wa fundi.

Mwaka jana alimruhusu Bella, binti wa mpira wa kikapu, wiki mbili kabla ya wakati, kwa sababu watu walimsihi sana. Mechi ya pili goti likaachia tena. Bella hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Soumaya zaidi. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatatia sahihi kwa kusukumwa. Na leo amesukumwa na rangi ya mdomo.

Akamgeukia Yahaya. Akamwambia kwamba alimjua nduguye kuwa na haraka ya kurudi uwanjani, lakini kumtuma mtu mwingine amfanyie mtihani ili afaulu, hilo lilikuwa jambo la aibu.

Yahaya akafungua kitambaa cha shavuni na kukikunja vizuri, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Docta, hakunituma nifaulu," akasema. "Alinituma nianguke."

Soumaya akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa.

Yahaya akaeleza. Kazi yake ilikuwa nyepesi: aje, akae kimya, kwa mguu mmoja aruke vizuri, kwa wa pili aruke vibaya, aambiwe arudi baada ya miezi miwili, aende zake kula. Na kweli alikuwa amejiandaa kuruka vibaya. Lakini alipoinua mguu tu, kochi Salvator akapaza sauti, akamwambia asije akaruka kama nduguye, yule fundi mnene, ambaye hata akiruka, miguu haiachi ardhi.

"Angesema kitu kingine chochote ningevumilia," Yahaya akasema. "Sasa, Docta, ungekuwa ni wewe?"

Basi akaruka. Akaruka kwa heshima ya mafundi wote wa Buyenzi, mita moja na sentimita sabini kila mguu. Alipotua ndipo akakumbuka alichotumwa.

Soumaya akamuuliza Moubarak mwenyewe yuko wapi. Yahaya akaelekeza dirishani kwa kidevu.

Uani, nyuma ya pipa la maji, mshambuliaji hatari wa Radi FC alikuwa amechuchumaa na chapati mkononi, akingoja habari za kuanguka kwake.

Soumaya alikuwa ameandaa maneno makali njia nzima ya kwenda uani. Yakamwishia alipouona uso wake. Moubarak alipoambiwa kwamba amefaulu, chapati ilimwanguka, na hakuiokota.

Kwanza alijitetea. Akasema mguu bado unavuta. Akasema hali ya hewa. Akasema mama yake, Bi Adija, ameota ndoto mbaya. Soumaya akamwacha amalize uongo wote aliokuwa nao, kisha akamuuliza taratibu ni nini.

Moubarak akatazama maji ya pipa.

Akasema kwamba wiki tatu zilizopita alikwenda peke yake ufukweni Kibenga na mpira. Akauweka chini. Akarudi hatua tano. Akakimbia, na alipoufikia, akasimama. Akarudia mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja alisimama, na watu waliokuwa wakiogelea wakadhani anasali.

"Mguu unakubali," akasema. "Mi ndiye ninakataa."

Kwa miezi tisa alikuwa amepima kila kitu cha mtu huyu: goti linakunjika kiasi gani, paja lina unene gani, anaweza kusimama sekunde ngapi kwa mguu mmoja. Aliandika yote daftarini. Na hata siku moja hakuwa amemuuliza kama anaogopa. Akaona aibu, akaificha kwa kumwambia ainuke, wanakwenda Kiriri.

"Kufanya nini?"

"Kuichukua sahihi yangu."

Kulikuwa na tatizo la usafiri, maana mafuta yalikuwa adimu wiki hiyo na teksi zote zilikuwa kwenye foleni ya kituo. Yahaya akasema gari lipo. Lilikuwa la mteja, lilikuwa na mafuta kidogo, na lilikuwa na kasoro moja ndogo tu ambayo hakuona haja ya kuitaja.

Waliijua walipolipita geti la rais. Gari halikuwa na gia ya kurudi nyuma.

Ikabidi waendelee kupanda, wapite majumba ya mabalozi, wazunguke kilima chote cha Kiriri, walinzi wakiwatazama, na wafike tena getini kutoka upande wa pili. Safari hii Yahaya alianza kukanyaga breki mapema mno na gari likazimika mita mia kabla. Wakashuka wakalisukuma. Moubarak alisukuma kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto ameuinua kidogo kama kuku wakati wa mvua, na Soumaya akaliona hilo.

Rais wa klabu, Mzee Népomuscène, alikuwa barazani na wageni kumi hivi, vikombe mkononi, na bakuli kubwa la maracuja, yaani matunda ya pasheni, katikati ya meza. Kochi Salvator alikuwa amesimama, karatasi imefunguliwa, ndiyo kwanza amesafisha koo.

Akawaona Moubarak wawili wakiingia.

Kochi akaitazama karatasi, akawatazama, akaitazama tena karatasi, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Soumaya hakupamba maneno. Aliwasalimu wakubwa, akaomba radhi kwa kuvunja shughuli, akasema kwamba karatasi ile ni batili kwa sababu mtu aliyepimwa asubuhi si mchezaji. Akamwonyesha Yahaya. Yahaya akainamisha kichwa. Soumaya akamnyang'anya kochi karatasi kwa upole, akaichana vipande vinne, akavitia mkobani.

Kisha Mzee Népomuscène akauliza swali ambalo Soumaya hakulitarajia.

"Huyu aliyeruka, anacheza mpira?"

Watu wakacheka. Rais hakucheka. Akaeleza taratibu, kama mfanyabiashara anayeeleza bidhaa, kwamba sura ni moja, ukoo ni mmoja, miguu ya huyu imethibitishwa na daktari, na mashabiki wakiwa juu kule jukwaani hawaoni tumbo. Kochi Salvator alianza kupinga, halafu akaishia katikati, akaanza kupiga hesabu kwa vidole. Lililomwogofya Soumaya kuliko yote lilikuwa Yahaya, ambaye alikuwa amekwisha kuuliza kama kuna jezi ya ukubwa wake.

"Hajapiga mpira tangu shule ya msingi," Moubarak akasema kwa hofu.

"Kuna vitu havisahauliki," Yahaya akamjibu.

Soumaya akaona kwamba asipofanya kitu, Jumapili fundi wa magari ataongoza mashambulizi ya Radi FC. Akamwomba rais nusu saa na bustani yake. Atampima mchezaji wa kweli, hapa hapa, mbele ya wote. Akifaulu, watazungumza. Asipofaulu, Radi watafute mshambuliaji mwingine mwenye jina lake mwenyewe.

Rais akakubali. Wageni wakageuza viti.

Moubarak akavua viatu. Akasimama kwenye majani yaliyokuwa bado na maji ya kumwagiliwa asubuhi. Kwa mguu wa kulia akaruka bila taabu, mita moja na sentimita sitini na nne. Kisha akaegemea wa kushoto.

Akakunja goti. Akanyoosha. Akakunja tena. Jasho likamtoka puani. Aliporuka, aliruka sentimita thelathini, akatua kwa miguu yote miwili, mikono imetanuliwa kama mtu aliyekanyaga ngozi ya ndizi.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Moubarak akamtazama Soumaya kwa macho ya mtu anayesema, unaona.

Soumaya aliona. Aliona kwamba kwa muda wote ule Moubarak hakutazama mbele hata mara moja. Alikuwa analitazama goti lake, kama mlinzi anayemtazama mfungwa. Na yeye Soumaya, kwa utepe wake na daftari lake, ndiye aliyemfundisha kulitazama.

Akaukunja utepe akautia mfukoni. Akapanda barazani, akalichukua bakuli la maracuja bila kuomba ruhusa, akarudi nalo bustanini.

Akamwambia Moubarak asimame kwa mguu wa kushoto na adake. Hayo tu. Matunda ni ya Mzee Rais, na lisianguke hata moja.

La kwanza alimrushia kifuani. Akadaka. La pili begani, akadaka. La tatu lilikwenda kando kidogo, na Moubarak akarukaruka hatua moja kulifuata, kwa mguu ule ule. Hakugundua. Rais ndiye aliyegundua jambo jingine, kwamba bakuli linapungua, akasimama akawa anahesabu kwa sauti.

Soumaya akazidi kuyatupa mbali. Kulia, kushoto, nyuma ya kichwa. Moubarak akadaka moja kwa mkono, moja kwa kwapa, moja kwa kidevu. Wageni wakaanza kuegemea upande tunda linakokwenda. Kochi akampigia Moubarak kelele akunje kiwiko anapodaka. Yahaya akasema kwamba yeye angelidaka lile la nyuma. Rais akasema lililobaki ni moja, na lilikuwa zuri kuliko yote.

Soumaya akalirusha hilo la mwisho mbali, mbali kweli, kuelekea maua ya rais.

Moubarak akaliendea. Alikanyaga, akakunja goti la kushoto, akapaa, akalidaka hewani kwa mikono miwili, na akatua kwa mguu ule ule mmoja, ukingoni mwa maua, bila kutikisika.

Akabaki hivyo. Kisha akageuka polepole kutazama alikotoka. Kwenye majani mabichi palikuwa na alama ya mguu mmoja, halafu mahali patupu, halafu mguu wake mwenyewe.

Soumaya akapiga magoti na utepe. Mita moja na sentimita hamsini na nane. Akapiga hesabu mara mbili. Zaidi ya sehemu tisa na nusu kwa kumi.

Alipomwambia, Moubarak aliketi majanini pale pale, akalipasua tunda la rais kwa meno, akalila lote, na machozi yakimtoka akasema ni ukali wa maracuja.

Barazani walishangilia, lakini Soumaya hakuwa amemaliza. Akamwambia kochi kwamba kudaka matunda si kucheza na mabeki. Kesho na keshokutwa Moubarak atafanya mazoezi ya kugongana na wenzake. Akiyamaliza bila kulitazama goti, Jumapili ataingia dakika kumi na tano za mwisho. Kochi akataka sitini. Akataka arobaini na tano. Akataka thelathini na ahadi ya kutomchosha.

"Kochi, hapa si sokoni," Soumaya akasema. "Kumi na tano."

Mzee Népomuscène akasema yeye anaafiki, mradi daktari asiguse tena bakuli lake. Yahaya peke yake ndiye aliyeondoka na huzuni. Njia nzima ya kushuka Kiriri hakusema na nduguye, na alipofika Buyenzi akalala chini ya gari hata kabla ya kujua linaumwa nini.

Usiku huo Soumaya alilala usingizi ambao hakuulala tangu mwaka jana.

Ijumaa asubuhi alifika kazini mapema. Moubarak alikuwa na miadi ya saa mbili, ya kuutia joto mguu kabla ya mazoezi. Lakini kwenye benchi la nje palikuwa na mtu mwingine, kijana mrefu, mabega kama mlango, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa cha jikoni. Alikuwa ametoka kusini mwa mji, akasema, alfajiri, kwa mguu mmoja na fimbo. Ameambiwa Buyenzi kuna mwanamke anayeweza kurudisha mtu uwanjani.

Soumaya akamwingiza, akamlaza kitandani, akafungua kitambaa. Kifundo kilikuwa kimevimba, si kibaya sana. Akambonyeza hapa na pale, akamuuliza imekuwaje. Kijana akasema ni mazoezini juzi, amekanyaga vibaya.

"Minaomba unitengeneze mbio, Mama," akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, Uvira. "Siku ya dimanshi niko na mechi kubwa. Wakinikosa, nyuma hakuna mutu."

Soumaya akatabasamu, akamuuliza hiyo Jumapili anachezea timu gani.

"Sangala ya Ruziba. Beki. Jina ni Vainqueur."

Mkono wa Soumaya ukasimama juu ya kifundo.

Jina hilo alilijua. Kwa miezi tisa alikuwa amelisikia katika chumba hiki kila goti lilipouma. Ndiye aliyemchezea rafu Moubarak siku ile alipoumia. Ndiye aliyempeleka kwenye operesheni. Na sasa amelala chali juu ya kitanda kile kile, mikono kifuani, akimtazama Soumaya kwa imani kubwa.

Akaanza kutafuta maneno ya kumwambia ainuke, apite mlango wa uani, arudi mchana.

Hakuyapata. Nje palisikika mtu anakuja akisimulia, peke yake, kwa sauti kubwa, kuhusu tunda alilolidaka kwa kidevu. Pazia likafunguka. Moubarak akaingia na begi begani, akaanza kusalimu, na salamu ikamkatikia mdomoni.

Wale wawili wakatazamana. Vainqueur akajaribu kuinuka, kifundo kikamkatalia.

Moubarak akaweka begi chini taratibu. Akarudi nyuma hatua moja, akaufunga mlango, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

"Docta," akasema, bila kumtazama Soumaya. "Mguu wake gani unauma?"